Svetlana na Mbuzi za Ignace

Butembo, kartie Furu
Mwezi wa tano, siku ya pili ya juma

Mutoto wangu Keren,

Wavukire, mama. Nakusalimia kwa jina la Bwana mwenye alitulinda usiku na kutuamsha asubuhi. Kiisha nasalimia mama yako, dada yangu mupenzi, na goti yake ya kushoto. Je, goti iliitika ile dawa ya majani nilituma, ao bado inamulalamikia? Batoto ba ndugu yako Débora banakua? Banasoma? Na Bungulu yote huko Beni, mulilala salama? Sisi huku tuko wazima. Baridi ya Butembo iko palepale, inatuuma masikio sawa mbwa ya jirani. Mimi mwenyewe niko na nguvu kupita vijana. Juma hii nilibeba mifuko mbili ya simenti, moja kwa kila kwapa, nikapanda nayo mulima wa Furu bila kupumua, mpaka motard moja akasimamisha pikipiki yake akaniomba nimufundishe. Kama mutu atakuambia mufuko ulikuwa moja na niliusukuma kwa chukudu ya mbao, umuache. Wivu ni mingi huku.

Mutoto wangu, message yako ilifika, na zile picha ulipiga za simu ya bwana yako zilifika pia. Nilizisoma jioni, nikaweka miwani, nikatoa miwani, nikakosa usingizi. Unaniuliza: "Tonton, wewe njo fundi wa mambo haya. Hizi mail za uchafu zinamufuata mutu bure, ao zinafuata ile anatafuta kwa siri?" Kiisha unaniambia kama ulishatoka kwa nyumba yenu, uko kwa mama yako tangu ijumaa, na bwana yako Ignace alipokuja kugonga mulizungumza kwa dirisha.

Na mimi nilijua uzito wa neno langu mbele ya wewe kuandika, juu baba yako mukubwa Ésaïe alishanipigia. Alisema jumamosi familia itakaa Butembo, kwake. Alisema wazee baliuliza: huyu Svetlana wa kwa mail ni mutoto wa nani, wa ukoo gani, na kama bazazi yake banajua kama iko na mutu mwenye bibi. Hakuna mwenye aliweza kujibu. Donc baliamua hivi: Zacharie njo anajua internet. Akisema hizi barua ni ushuhuda, mbuzi za mahari za Ignace zinarudi kwa mwenyewe na ndoa imekwisha. Akisema si ushuhuda, Keren anarudi kwake. Unaona? Ndoa yako yote bameiweka juu ya ulimi wangu. Na kati ya zile mbuzi iko mbuzi yangu ya mujomba, ile yenye pembe moja, na ile nilishaikula siku nyingi. Kuirudisha itaomba nabii. Mais usifikiri nitasema kwa ajili ya mbuzi. Nitasema kwa ajili yako.

Kwanza ukumbuke unauliza nani. Ni kweli, shule yangu ilikomea ya tano primaire. Siku moja upepo ulibeba mabati ya shule pamoja na tableau, mwalimu akaikimbilia na chaki mukononi, akaifuata mpaka Kanyabayonga, na mpaka leo hajarudi kumaliza lesoni. Kosa si yangu. Mais parabole ya internet, ile sahani kubwa, ilipofika Butembo mara ya kwanza, juu ya Fuso, imefunikwa blanketi sawa mugonjwa, ni nani alipanda juu ya nyumba? Bafundi ba Kampala balikuwa banaizungusha na mashini zabo tangu asubuhi, hawapate kitu. Mimi nikalamba kidole, nikakinyoosha juu, nikasikia fasi internet inatokea, nikabaambia: hapa. Iliingia kwa nguvu mpaka viti vikasogea. Mutu wa Ulaya akapiga simu kuuliza ni nani huko Butembo anavuta yote.

Wewe ulikuwa mudogo, mais nafikiri utakumbuka ile salle yetu ya internet, karibu na depo ya kahawa. Masanduku ya mashini sita, mapazia ya bleu, groupe ya umeme inanguruma nyuma ya nyumba, na harufu ya mafuta ndani ya nguo zetu hata kanisani. Tanti yako Orpa alikaa kwa meza ya mbele na pull-over yake ya rangi ya ndizi, juu ya pull-over kitenge, juu ya kitenge Biblia. Yeye njo aliuza dakika. Wewe ulikuwa unalala chini ya ile meza, kichwa juu ya viatu vyake.

Ah, Keren. Butembo ya wakati ile. Leo kila mutu iko na simu yake, anaiinamia peke yake sawa mutu anaosha macho. Zamani barua ya moja ilikuwa barua ya bote. Mutu asiyejua kuandika alikuja, Orpa akamuandikia, na salle yote ilisikiliza na kukosoa. Nakumbuka soda moja, askari mwenye balimutuma hapa toka mbali, alikuwa anamuandikia muchumba wake. Akamuambia Orpa: "Mama, utie pale kwamba ninalia." Orpa akamuangalia, akamuambia: "Unalia wapi, baba? Nakuona unakula karanga." Salle yote ikacheka, soda naye akacheka, kiisha kweli akaanza kulia, na watu bakamuletea chai. Ile njo internet nilijua mimi. Mutu hakuweza kujificha nayo, hakukuwa na fasi ya kujificha.

Na hizi mail za uchafu, usifikiri zilianza na Ignace. Zilianza kwetu pale pale. Wakati ile zilikuwa za bajane ba magenerali. Mujane wa generali fulani iko na sanduku ya dola, anatafuta mutu mwaminifu wa kumuchungia. Batu ba Butembo, bafanyabiashara sana, balikuwa banasoma banatikisa kichwa: huyu mama anauliza bei gani ya transport? Tanti yako yeye alimujibu. Kweli! Alimuandikia pole kwa kifo cha bwana, akamutumia Zaburi ishirini na tatu, akamuahidi maombi ya bamama siku ya tatu. Mujane akarudisha: tuma numero ya banki. Orpa akamutumia Zaburi ingine. Balienda hivyo mpaka mujane akachoka. Orpa akabaki anamuwaza, anasema masikini, labda aliolewa tena.

Sasa nirudi kwa picha zako. Nilizisoma zote. Svetlana anamuita Ignace "mupenzi" na anasema iko peke yake. Iko dawa ya nguvu za banaume. Iko michezo ya kubahatisha, na mukubwa moja wa London anasema Ignace ameshinda gari. Na iko ile ilikuchoma roho, nimeelewa, mimi si jiwe: "Ignace, jana ulitembelea ukurasa wa Svetlana, bado anakungoja." Unasema rafiki yako Tamar wa korali alikuambia internet ni sawa mbwa, haifuate mutu bila kunusa nyama kwa mufuko wake. Neno tamu, Tamar anajua kusema. Mais kusema ni kingine, kujua ni kingine.

Nilifanya hivi. Siku ya Mungu, nyuma ya ibada, nilimuendea pasta wetu Luc, nikamuomba anifungulie boîte ya mail ya paroisse, ile ya kanisa. Alifikiri nataka rapport ya sinode. Akafungua kwa moyo mweupe, tukashuka chini kwa fasi ya spam, na nani alikuwa pale? Svetlana! Anaandika: "Mupenzi Paroisse, niliona picha yako, sisahau macho yako." Pasta aligeuka rangi. Akasema Shetani ni muongo tangu mwanzo, akafunga simu, akaifungua tena kuhakikisha kama kweli aliandika macho. Kutoka pale nikafika kwa mama Simone, ule mujane mwenye anauza vitunguu karibu na barabara kubwa. Yeye na boîte yake, ile mutoto wake alimufungulia kwa simu. Mama Simone ameandikiwa dawa ya nguvu za banaume, ili asimuaibishe bibi yake. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya vitunguu. Akaniambia: "Zacharie, ubaulize kama iko dawa ya mugongo, ile ningenunua."

Sasa nasikia sauti yako tangu hapa, juu wewe ni mutoto wa dada yangu, hukubali upesi. Unasema: Tonton, labda pasta naye anatafuta. Labda mutoto wa mama Simone anatumia simu ya mama yake. Nani anajua? Na ni kweli. Kwa mutu mwenye iko na pumzi, huwezi kumaliza mashaka. Ukifunga mulango wa moja, anaingia kwa ingine.

Donc nitakuambia kitu kimoja kile sijaambia mutu, hata mama yako. Usome polepole.

Nilichunga simu ya Orpa. Nilipomuzika, watu balifikiri niliitia ndani ya sanduku pamoja na Biblia. Hapana. Nilisema kwa moyo: nitatoa picha za korali, kiisha nitaizima. Sikuizima. Ninaitia moto wa umeme kila siku kwa pano ya jua, na kila asubuhi, nyuma ya chai, naifungua. Nilianza na picha. Kiisha nikafungua boîte yake. Mail ya kwanza niliona pale ilikuwa ya mwanaume. Jean-Paul wa Bordeaux. "Orpa mutamu, sijakusahau."

Keren, unanijua. Hadisi zangu zinanenepa nikizisema. Hii sitaongeza chumvi. Nilichukua ile simu nikaenda makaburini na mvua. Nikasimama pale nikamuuliza bibi yangu: huyu ni nani? Nilimuuliza kwa sauti, na batu benye balikuwa banapalilia kaburi ingine bakaniangalia. Nilihesabu siku zote nilikuwa safarini, njia ya Kamango, nikifuata mawese na vitenge vya Uganda. Kila siku nilikuwa mbali nikaiweka mwanaume ndani yake. Ile meza ya mbele, ile pull-over ya ndizi, ule mucheko, vyote vikachafuka. Nikawa mutu amefiwa mara mbili. Nilikula kidogo, dada yangu alifikiri ni uchungu wa kifo. Haikuwa uchungu wa kifo. Ilikuwa wivu, mutoto wangu, wivu ya mutu mwenye hawezi kujibu.

Na siku moja ikaingia barua ingine ya Jean-Paul. Inasema: "Orpa, jana usiku uliangalia picha yangu. Nilikuona."

Jana usiku! Nilisoma mara moja, nikasoma tena. Jana usiku bibi yangu alikuwa chini ya udongo wa Butembo, na juu yake maua nilimupandia na mikono hii, na mvua yote ya mwezi wa kumi. Na ile simu ilikuwa kwa kabati yangu, imefungiwa. Hakuna mutu aliangalia picha. Jean-Paul hakuona mutu. Pengine Jean-Paul mwenyewe hayuko. Ni mashini inatupa barua sawa ule mulimaji wa Injili mwenye anatupa mbegu kwa njia, kwa majabali, kwa miiba, hajali iko nani pale, muzima ao mufu. Nilikaa chini nikacheka. Kiisha sikucheka tena. Nikarudi makaburini kumuomba ruhusa ya kuendelea kuwa bwana yake.

Njo hii ushuhuda wangu, na jumamosi nitaisema mbele ya wazee, hata kama batanicheka. Mufu hatafute kitu kwa internet. Kama banaweza kumuambia mufu "jana ulikuja," banaweza kumuambia Ignace. Na gisi balipata adresse yake, nitakuambia kweli: sijue. Fundi naye iko na mwisho.

Unaona sasa, nilikuwa naweza kumaliza hapa. Mais iko kitu kingine ndani ya ile boîte ya Orpa, na hii njo inanifanya nifungue kila asubuhi mpaka leo. Barua za uchafu zinakuja bila kuitwa. Mais kati yazo iko moja, ndogo, ile yeye mwenyewe aliiomba. Nimeona siku aliandika jina lake kuiomba; ilikuwa juma nilianza safari za Kamango. Inakuja asubuhi mapema. Inasema tu: "Bonjour Orpa. Kamango leo: mvua kuanzia saa tisa." Ao: "Kamango leo: jua." Basi. Ni batu ba météo.

Wewe unakumbuka gisi Orpa alikuwa ananiambia mbele ya safari: Baba, ubebe manteau ya mvua. Ao: leo usilale njiani, uvuke mapema. Na mvua ilinyesha kweli! Nilikuwa najisifu kwa bafanyabiashara benzangu kama nimeoa nabii, kama Mungu anamuonyesha mawingu ndani ya ndoto. Bamoja balikuwa bananiomba nimuulize bei ya kakao ya mwezi ujao. Na yeye akaniacha nijisifu. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha groupe, mbele ya wateja, alikuwa anaangalia mvua ya njia yangu. Njo ile alikuwa anatafuta kwa siri. Njia ya Kamango nilishaiacha, unajua gisi iliharibika, na yeye ameenda, mais kila asubuhi bado banamuambia. Juzi ilikuwa mvua. Nilibeba manteau kwenda sokoni Butembo, na Butembo ilikuwa jua kali. Batu balinicheka. Nilibaacha.

Sasa Ignace. Mimi sikumutetea siku ya kwanza alikuja kukuposa, unakumbuka. Nilisema mutu wa Serikali, mutu wa Kindu, leo balimutuma Beni, kesho batamutuma fasi ingine. Mais jana alikuja hapa Butembo, peke yake, vumbi mpaka kwa nyusi. Alikaa kwa kiti, akatia simu yake juu ya meza yangu, akaniambia na kode ya kuifungua. Akasema: "Mujomba, ufungue yote." Nikairudisha kwake. Nilimuambia mimi nilishafungua simu ya mutu nilipenda, na ile ilinitosha.

Nilimuuliza kwa mudomo kama anajua Svetlana. Akasema hapana. Nilimuuliza anatafuta nini usiku ukilala, juu uliniandikia kama mara mingi unaamka unaona mwangaza wa simu kwa uso wake. Alifuta vumbi kwa nyusi. Kiisha aliniambia, na akaniomba nisikuambie, na mimi nakuambia, juu unajua mudomo wangu. Anatafuta Kindu. Anaangalia picha za mto, mitumbwi inavuka, batu banauza samaki kwa ukingo. Anaangalia kama kati yabo atamuona mutu anajua. Anasema aliona haya kukuambia, juu utafikiri wewe na Beni hamumutoshe. Keren, mutu mwenye anakumbuka kwao hana bibi ingine. Iko na mama mbali. Nakuapia, na hii si hadisi: macho yake yalikuwa sawa macho ya ule soda wa karanga kiisha batu kuacha kucheka.

Roho ya mutu sijaifungua, na sitakuambia kama Ignace ni malaika. Mais unaweza kumuuliza wewe mwenyewe, uso kwa uso, na atakujibu, juu bado iko muzima. Mimi niliuliza udongo.

Hii barua ataitoa Butembo yeye mwenyewe. Niliifunga na gundi, hajue iko nini ndani. Nilimuambia amupe mama yako kwa mulango, kiisha akungoje kwa ile kioski ya mukate ng'ambo ya barabara, asigonge mpaka wewe umalize kusoma. Umemaliza. Iko pale, na hajakula tangu Butembo.

Umusalimie mama yako sana, umuambie kaka yake iko, nguvu zinaongezeka. Umusalimie Débora na batoto, na bamama ba korali, hata Tamar. Mungu akae katikati yenu. Wasingya kwa kunisoma mpaka mwisho, najua maandiko yangu yanapanda na kushuka sawa njia ya Lubero.

Ni mimi tonton yako,
Zacharie Muyisa

Ufunge mbwa ya mama yako kwanza, Ignace anaiogopa. Kiisha umuite. Usimuite kwa dirisha.